Mguu Usiokaa

Kila asubuhi, akisharudi bombani na kabla hajakaa kwenye mbuzi kukuna nazi, Barke huvua mguu wake wa kuume na kuuegemeza nyuma ya mlango. Huuvua na kiatu chake. Kisha hushika ukuta, akashuka polepole hadi kwenye kibao, akauvuta upawa na sinia karibu. Kule nyuma ya mlango mguu husimama wima, soksi imepandishwa hadi juu, kama mgeni aliyekataa kuambiwa keti.

Ndivyo Nyamvula, jirani yake, alivyoubatiza jina.

"Mgeni kaamkaje?" huuliza akipita na ndoo.

"Mzima. Angoja chai."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Huyu mwaka wa tatu yuko Timbwani na hata kukaa hajajifunza. Jembe atalishikaje?"

Nyamvula hucheka hadi maji yakamwagika. Barke naye zamani alikuwa akicheka.

Mguu huo alipewa mwaka wa themanini na tisa, lori lilipokwisha kumkosesha wake juu ya goti. Alitengenezewa Changamwe, katika karakana iliyokuwa nyuma ya zahanati. Walimpima amesimama, kashikilia vyuma viwili: urefu, unene wa paja, upana wa wayo. Hakuna aliyemwambia akae. Rangi yake ilikuwa ya kamba aliyechemshwa, lakini hilo halikumsumbua, maana soksi na buibui vilitosha kuisitiri. Alichokumbuka siku ile ni mikono. Alikwenda hadi langoni na kurudi, magongo kayaacha ndani, na mikono yake miwili ilikuwa mitupu. Wiki iliyofuata alijitwika sinia la vitumbua, akaenda kuuza kivukoni kama zamani.

Tabu ilikuwa goti. Lilikunjika nusu, likagota, kama mlango uliozuiliwa na jiwe. Kitini lilifaa. Lakini Barke hakuwa na kiti, na hata angekuwa nacho, nazi haikunwi kitini. Kule kivukoni wenziwe waliuza wamekaa kwenye vigoda. Yeye alipojaribu, mguu ulichomoza mbele njia nzima, ukamwangusha mzee wa watu na kanzu yake nyeupe. Kuuvua pale ilikuwa haiwezekani: angefunua buibui hadi nyongani mbele ya wanaume wa feri nzima. Afadhali afe amesimama. Basi akauza amesimama, hadi sinia liishe, na mgongo ukawa unawaka moto. Mambo ya chooni hakumwambia mtu. Na kwenye swala, yeye aliyelelewa katika chuo cha Kurani cha babake, aliazima kiti kwa jirani, akawa anasujudu kwa kuinamisha shingo tu.

Alivuka, akaenda karakana. Fundi wake alikuwa Erastus, mtu wa Rabai, mpole, mwenye mkono mzuri.

"Mguu haukai," Barke alimwambia.

Erastus akauvuta, akaona wacheza kidogo pajani. Akatia mkanda.

Alirudi baada ya mwezi. "Bado haukai."

Akatia mkanda wa pili. Sasa hata ng'ombe wangeuvuta usingetoka. Kiuno kilifanya michubuko, naye akarudi nyumbani akijiuliza kama Kiswahili chake, Kiswahili cha bibi zake, kilichujuka majini alipokuwa akivuka.

Leo Erastus alikuja mwenyewe hadi Timbwani. Alifuatana na msichana aliyeitwa Kanze, aliyemaliza chuo kikuu mwaka jana na kuajiriwa karakana. Msichana alikuwa amekumbatia mfuko wa vyombo kifuani.

"Ngiani ndani," Barke alisema kutoka kwenye mbuzi yake.

"Shikamoo, bibi," alisema Kanze, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Marahaba, mwanangu."

Erastus alibaki kusimama mlangoni, kwa adabu ya mwanamume katika nyumba ya mwanamke asiye na mume. Alikohoa.

"Bi Barke, nimetumwa. Wakubwa wanasema kama huu haukufai, niurudishe. Goti na wayo vitamfaa mwingine."

Barke aliacha kukuna. Aliyaona magongo yake juu ya kabati, vumbi limeyajaa, na sinia halina wa kulibeba.

"Nani kawaambia siutaki? Nautaka. Ila haukai."

"Si nimetia mikanda miwili?"

"Umetia."

"Basi nitie wa tatu, upite begani."

"Tia, baba. Nifunge kama gunia la bandarini. Hautakaa."

"Mama, mimi nimeukagua. Haulegei, hautoki, unatembea nao mpaka kivukoni. Ninavyouona mimi, umekaa."

"Umekaa?"

Barke aliutazama mguu pale ulipo, umesimama nyuma ya mlango. Wallahi, alitamani kumtupia mtu kifuu. Miaka yote hii neno lilikuwa lile lile moja, na kila alipolitamka alirudishiwa ngozi na vifungo.

"Haya," alisema. "Uchukue. Mimi nimechoka kusema."

Erastus alisitasita, kisha akauinua mguu, akautia kwapani, kiatu kikitazama juu. Alimwashiria Kanze waondoke. Kanze hakuinuka. Alikuwa akiiangalia mbuzi, jinsi kibao kilivyo karibu na sakafu, na jinsi Barke alivyokikalia. Alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ndogo hata Barke akalazimika kuinama.

"Bibi, haukai vipi?"

Barke alimtazama msichana, akaona kwamba anangoja kweli.

"Haukai chini, mwanangu. Mimi nikikaa, wenyewe wasimama."