Mwenyekiti Asiye na Mbwa

Bani la tumbaku huendelea kunuka muda mrefu baada ya majani ya mwisho kutolewa. Harufu yake ni nzito na tamu, ina moshi ndani yake na kitu kama asali iliyoungua, na huganda kwenye matofali ya udongo hata ukifagia na kumwaga maji. Bani letu lilikuwa nyuma ya nyumba yetu pale Usoke, upande wa reli, jengo refu lisilo na dirisha ambamo baba alitundika majani ya tumbaku kwenye vijiti na kuyakausha kwa moto wa kuni. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano. Kiangazi chote cha mwaka ule harufu ya tumbaku ilichanganyika na harufu ya mbwa, kwa sababu mbwa wetu, Watasema, alikuwa amefungiwa humo ndani, na kijiji kizima kilikuwa kinangoja kuona kama atapata kichaa.

Kwetu mbwa hupewa jina ili limfikie jirani. Baba alimpata Watasema mwaka alioezeka nyumba kwa bati, na alijua maneno yatakuwepo, kwa hiyo kila alipomwita mbwa wake jioni alikuwa amekwisha kuwajibu wasemaji wote. Alikuwa wa wale tunaowaita mbwa wekundu: manyoya mafupi yenye rangi ya udongo wa kichuguu, masikio yaliyosimama, kiuno chembamba, mkia uliojikunja kidogo mwishoni. Habweki ovyo. Usiku unaweza kudhani hayupo, mpaka nguruwe pori waingie shambani. Babu alitueleza kwamba baba yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwenye njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora hadi pwani, na kwamba mbwa wa namna hii walitembea pembeni mwa mizigo na kulala kuzunguka moto wa kambi. Sina ushahidi zaidi ya maneno ya babu. Lakini nilikua nikiamini kwamba mbwa wetu walikuwa na miguu iliyofika baharini kabla ya reli, na imani hiyo ilinifanya nitembee kifua mbele nilipoongozana na Watasema kwenda kisimani.

Tukio lenyewe lilitokea mwisho wa msimu, tulipokuwa tumekaa nje ya bani tukichambua majani ya mwisho. Jirani yetu Mama Kulwa alikuwa amekuja kutusaidia pamoja na wanawe mapacha, Kulwa na Doto. Mbwa tusiyemjua akatokea upande wa reli akipepesuka, ute unamning'inia mdomoni. Hakutazama mtu. Alipita moja kwa moja hadi alipokaa Doto, akamng'ata kwenye shavu la mguu na hakutaka kuachia. Nilimsikia Mama Kulwa akipiga kelele, kisha nikaona kitu chekundu kikipita mbele yangu. Watasema alimvaa yule mbwa, akamng'oa mguuni mwa Doto, wakabiringishana kwenye vumbi hadi wanaume walipofika na majembe wakammaliza mgeni. Watasema alisimama akihema. Shingoni alikuwa na jeraha linalotoka damu.

Baba aliuosha mguu wa Doto kwa sabuni na maji mengi, akaosha tena na tena ingawa mtoto alikuwa analia, kisha akampakia yeye na mama yake kwenye pikipiki ya mwalimu wakaenda hospitali Tabora. Doto alichomwa sindano, na baadaye alirudi mjini kwa treni kumalizia zilizobaki. Alipona. Leo nasema neno hilo kwa wepesi, lakini wiki zile Mama Kulwa hakuwa akilala. Alikaa akimtazama mwanawe anavyokunywa maji.

Mkutano wa kijiji uliitishwa kabla Doto hajamaliza sindano. Wengi walitaka mbwa wote wauawe, na niliona wanaume waliokuwa wakiwasifia mbwa wetu msimu wa mahindi wakinyoosha mikono kukubali. Bwana mifugo aliyekuja kutoka Urambo alieleza kwamba mbwa wasiong'atwa wanaweza kuchanjwa wote kwa siku moja, ikiwa wenyewe watawaleta. Ila huyu aliyeng'atwa, ambaye hakuwahi kuchanjwa, ama auawe, ama afungiwe peke yake asiguswe na mtu mpaka mvua zianze. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Aseme mwenye mtoto." Watu wote wakageuka kumtazama Mama Kulwa. Mimi nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu ya baba, na nilijua kwamba akisema neno moja tu, nitarudi nyumbani bila mbwa.

Mama Kulwa alisimama polepole. "Mimi mbwa siwapendi," alisema. "Sikuwapenda kabla, na sasa ndiyo kabisa. Lakini yule aliyemng'ata mwanangu alikuwa hana mwenyewe. Hakuna aliyemlisha, hakuna aliyemwita jina. Huyu ana mwenyewe, namwona yule pale amekaa." Alininyooshea kidole. "Afungwe. Ila ufunguo nitakaa nao mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba alitia kufuli jipya kwenye mlango wa bani, na Mama Kulwa akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Chini ya ukuta kulikuwa na tundu la kuingizia hewa, na hapo ndipo nilipokuwa nikisukuma bakuli la ugali na maji kwa fimbo ndefu, kwa kuwa nilikatazwa kuingiza mkono. Kila asubuhi kabla sijaenda shule Mama Kulwa alikuja. "Mwangaluka," alinisalimu kwa lugha ya kwetu, nami naitikia, kisha anainama kwenye ufa wa mlango na kutazama muda mrefu. Mwanzoni nilimchukia. Nilidhani anakuja kutafuta sababu. Nikamwuliza baba kwa nini mama yule hachoki, naye akanijibu, "Wewe unamwangalia mbwa wako. Yeye anamwangalia mwanawe." Sikuelewa siku ile. Nilielewa nilipopata mtoto wangu.

Kiangazi kikakolea, majani ya miombo yakaanguka, upepo ukaleta vumbi la barabarani hadi ndani ya vyungu. Kisha asubuhi moja nikakuta bakuli la jana halijaguswa, hata maji. Nilimwita Watasema, hakuja kwenye tundu. Mama Kulwa alipofika alitazama kwenye ufa, akaniambia nimwite baba. Watasema alikuwa amejikunja kwenye kona ya giza, anahema haraka, na alipoona kivuli mlangoni alinguruma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu wa kwetu. Kukataa maji na kubadilika tabia ndizo dalili alizotufundisha bwana mifugo. Habari zikaenea, watu wakaanza kukusanyika, na mmoja wao alikuja na upinde. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua ameshakata tamaa.

"Fungua, mama, tummalize," yule mwenye upinde alisema.

Mama Kulwa alishika pindo la kanga yake. "Sifungui. Tulikubaliana mpaka mvua. Kama ni kichaa, atakufa humo humo bila kumgusa mtu. Kama si kichaa, utaniambia nini kesho?" Akachukua kigoda chetu, akakiweka mbele ya mlango, akakaa. Yule mtu alizungukazunguka kidogo, akaondoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimekaa chini karibu naye. Siku ile sikwenda shule na hakuna aliyenifukuza. Tulikaa hadi jua likapanda juu ya paa, na ndipo tuliposikia, kutoka ndani, sauti nyembamba kama ya ndege, kisha nyingine, kisha kelele ndogo nyingi kwa pamoja. Mama Kulwa alitega sikio kwenye ufa. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa, naye akacheka. "Amezaa," alisema. "Mbwa wako amezaa, Nyamizi."

Walikuwa watano, wote wekundu. Jioni Watasema alikuja kwenye tundu akamaliza ugali na kulamba bakuli. Kuanzia hapo Mama Kulwa alileta maziwa ya mbuzi kila asubuhi, akidai kwamba yalikuwa yamebaki tu.

Mvua ya kwanza ilipopiga bati, bwana mifugo alirudi na sanduku lake la chanjo. Mama Kulwa aliufungua mlango kwa mkono wake. Watasema alitoka akipepesa macho kwenye mwanga, watoto wake wakimfuata wakijikwaa, akapita mbele ya watu wote akaja kuniwekea kichwa mapajani. Watu waliotaka mbwa wauawe walikuwa wamekuja kuomba watoto wa mbwa, maana mahindi yalikuwa karibu kupandwa na nguruwe pori hawangojei. Mama Kulwa akaweka masharti palepale, chini ya mchirizi wa bani. Atakayechukua mbwa ampe jina mbele ya watu. Amlete kuchanjwa kila mwaka. Asimpandishe kwa mbwa wa kuokota, ili watoto watoke wekundu na wajulikane ni wa nani. Akikosea, mbwa anarudishwa. Baba akasema hicho kimeshakuwa chama, na chama kinahitaji mwenyekiti, naye anamtaja Mama Kulwa. Mtu mmoja akasema mwenyekiti wa mbwa hawezi kuwa mtu asiye na mbwa. Baba akamjibu kwamba sisi wenye mbwa tutawahurumia mbwa wetu, na huyu hatatuhurumia.

Hivyo ndivyo kilivyoanza Chama cha Mbwa Wekundu, na mwenyekiti wake hajafuga mbwa hata mmoja hadi leo. Mimi naishi Tabora mjini, mtaa wa Ng'ambo, nauza nafaka, na ndimi katibu. Wanachama wanatoka Urambo hadi Kaliua. Siku ya chanjo wanakuja kwa treni na kwa pikipiki, mbwa wamekaa wima mbele ya dereva kama abiria waliolipa nauli. Mikanda ya shingoni inashonwa na fundi wa viatu jirani yangu, Mwislamu asiyekosa swala, ambaye mbwa mwenyewe hamgusi lakini ngozi anaichagua kama anamshonea mwanawe. Vijana wanapiga picha na kuzituma Dar es Salaam, na wapo wanaotupigia simu kuuliza kama tunauza. Mjini mtu anajivunia mbwa mkubwa wa kizungu aliyemnunua kwa bei ya ng'ombe. Namwacha aringe. Najua wa kwetu wanavyotazamwa wakipangwa mstari, rangi moja, masikio juu, kila mmoja na mtu wa kumjibia.

Mwaka huu tulikutana Usoke. Bwana mifugo wa sasa ni kijana mgeni katika wilaya, naye kabla ya kuanza kuchanja alitaka kuwapa somo watoto wa shule waliokuwa wameshika mbwa wao. Aliwauliza ni nani kati yao amewahi kumwona mbwa mwenye kichaa, anyooshe mkono. Watoto wakatazamana. Mikono iliyonyooka ilikuwa ya nyuma, ya watu wazima tu: wangu, wa Doto ambaye sasa ana mvi, na wa Mama Kulwa kwenye kiti chake. Mama Kulwa aliwatazama wale watoto kwa muda, mmoja mmoja, kisha akaushusha mkono wake, akakaa vizuri kitini, na kumwambia kijana aendelee na kazi.