Shangazi Diwani na Mlango wa Kwanza

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, hapa New Hope, mji wetu wa ughaibuni, nilipotoka nyumbani nikiwa mgombea nikaishia kufananishwa na mpeleka pizza. Mdogo wangu, mimi bado si mzee, lakini aliyeumwa na nyoka hahitaji mvi ili awaonye wenzake.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nikawania udiwani. Kila mlango ulinipa mawazo elfu. Kwenye maghorofa yetu Wakenya wengi hufanya kazi hospitalini usiku. Nikigonga nitawaamsha, nisipogonga hawatanijua. Basi wiki nzima nilitundika karatasi zangu za kampeni kwenye vitasa na kukimbilia gari.

Siku hiyo nilifuatana na Shangazi Nyaboke, mgeni wetu kutoka Kanada, ambako alikuwa diwani wa mji mdogo hadi magoti yalipomgomea. Aliponiona nikitundika na kugeuka, alicheka hadi akashika ukuta.

"Wewe ni mgombea au mpeleka pizza?"

"Shangazi, wamelala!"

"Mwanangu, nilipowania mara ya kwanza kule niliwatumia watu barua tamu, nikashindwa vibaya. Mara ya pili niligonga milango kwenye theluji. Mzee mmoja akanifokea kwamba taa ya mtaa wake imekufa. Nilipoingia udiwani nilianza na taa ile, wakanirudisha tena na tena. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

Akagonga yeye. Akatoka mama mmoja, bado amevaa sare ya uuguzi, macho mekundu.

"Nani huyo? Nimetoka shifti sasa hivi!"

Shangazi akanipiga kiwiko.

"Samahani, mama. Nawania udiwani. Nikishinda, ungependa nianze na nini?"

Akaufungua mlango zaidi. "Miaka yote hii, wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza. Haya, ingieni."

Tukinywa chai akatueleza kwamba njia ya miguu ya kwenda kituo cha basi haizolewi theluji wakati wa baridi. Ameanguka mara mbili akienda kazini.

Siku ya kura yule mama alikuja kituoni na majirani zake, wote na sare zao. Nikashinda! Na majira ya baridi yaliyofuata, nilipoiona mashine ikizoa theluji kwenye njia ile ile, nilipiga kelele peke yangu garini, kisha nikampigia Shangazi simu.

"Vizuri," akasema. "Na mlango unaofuata?"

Mdogo wangu, ukitaka kuwatumikia watu usiwawazie, waulize. Gonga hata ukiogopa. Mimi huogopa mpaka leo. Mungu akufungulie milango, na kila utakayemwamsha akukaribishe chai.