Mayai Chini ya Kichaka

Mtaalamu wa kupe hakupita malishoni kwa Kembabazi akiwa wima. Alitambaa, koti limelowa umande, akiwasemesha kupe majike aliowafungia katika vifuko vya chandarua kwenye nyasi: "Haya bibi, damu umeshiba, mbona hutagi?" Kiangazi chote hawakumjibu. Kembabazi, aliyezika ndama wawili kwa ndigana, homa iletwayo na kupe, msimu uliopita, alizoea kuvitazama vidole vile vikifungua vifuko polepole, kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala.

Mvua zilikuwa zimerudi pale mtaalamu alipopiga kelele asubuhi moja, ng'ombe wakakurupuka. "Dada! Wametaga! Njoo uone!" Chini ya kichaka mayai yalirundikana, yaking'aa kama ulezi uliolowa. Akatimua mbio hadi kilimani penye nyasi fupi, akafungua vifuko vya huko, akapiga kelele tena. "Huku jua limewamaliza! Hakuna hata yai!"

"Kwa hiyo ndama nisiwapeleke kichakani?"

"Thubutu!"

Kembabazi akachukua fimbo, akawaswaga ndama kuelekea kilimani. Ndama mdogo kuliko wote alikuwa hajapewa jina, maana Kembabazi aliogopa kumzoea. Njiani akampa.