Nywila za Mama

Mama yangu ni fundi cherehani. Anakumbuka kiuno cha kila mteja, ila nywila haimkai kichwani.

Juzi alifungua akaunti yake kwenye kompyuta ya duka la kuchapisha, akakubali kila alichoulizwa, na nywila zote zilizohifadhiwa kwenye simu yake zikahamia kule. Nikamkokota hadi dukani huku nafoka. Mwenye duka akatugeuzia skrini: zote zilikuwa wazi, hata ya benki.

"Ijaribu basi," mama akasema.

Ya benki ikakataa. Ya umeme nayo ikakataa.

"Zote kuukuu hizo. Kila nikitaka kuingia nimeshasahau, naweka mpya."

Miaka yote namgombeza kwa usahaulifu huo! Nikafuta zote, nikamkumbatia, nikamsihi asije akaanza kukumbuka.