Masika Tuliyoamulia Kwenda Ayalandi

Mke wangu alitutangulia Ayalandi. Ni nesi, alipata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, katika kijiji chenye kanisa, duka moja na mashamba ya ng'ombe kila upande. Kibali chake kiliruhusu familia imfuate. Mimi nilibaki Mbagala na mabinti zetu wawili, nikifundisha historia sekondari, na kila aliponiuliza tunakwenda lini nilitafuta sababu. Mara watoto wana mitihani, mara mama yangu anaumwa miguu. Ukweli ni kwamba sikujiona kule. Mbagala nikipita mtaani hata watu wazima wananiita mwalimu. Kule ningekuwa mume wa nesi, nimekaa ndani na soksi.

Masika yakanikuta sijaamua. Nyumba yetu iko bondeni kidogo, na jirani wa juu yetu ni mzee wa heshima, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi moja mvua ilikuwa kubwa. Nilikuwa nakoroga uji, harufu ikaingia jikoni kabla sijaona kitu. Nilipofungua mlango wa nyuma, uani pamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na juu yake vinaelea vinyesi, pampasi, na funza weupe wanajikunja. Mzee alikuwa ametoboa shimo la choo chake ili mvua imchukulie. Kutapisha choo, ndivyo tunavyoita. Beseni la vyombo tulivyolia chakula jana yake lilikuwa limezama humo, na binti yangu mdogo amesimama katikati, miguu mitupu, anaokoa viatu vyake vya shule.

Nilimbeba nikamwogesha kwa dettol mpaka akalia. Kisha nikatapika. Kisha nikapanda kwa mzee.

Nilimkuta barazani anakunywa chai na chapati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mvua ya baraka hii."

"Mzee, choo chako kiko uani kwangu."

Hakushtuka. Alimega chapati, akaichovya kwenye chai, akatafuna taratibu. Mafuta yalimng'aa kwenye vidole. "Kila mtu anafanya hivyo. Tena wewe si unahama? Unahangaika na uwanja wa nini?"

"Nani kakwambia nahama?"

"Kaka yako. Juzi alikuja na fundi ukiwa kazini, wakapima vyumba. Anasema nyumba atabaki nayo yeye."

Kaka yangu anakaa Kibamba. Nilimpigia palepale, mvua inaninyeshea. Akacheka. "Sasa mdogo wangu, nyumba utaibeba? Nilitaka tu kujua wapangaji wangapi wataenea." Aliongea kwa sauti ileile anayotumia kusali kabla ya chakula. Nilikata simu. Nilihisi kinyaa kilekile cha uani, ila hiki hakikuwa na sabuni yake.

Mchana binti alianza kuharisha. Mpaka jioni tulikuwa zahanati, ametundikiwa dripu, midomo imemkauka. Nikiwa kwenye benchi nilimpigia mke wangu.

"Tunakuja," nikamwambia.

"Kimetokea nini?"

Nikamweleza yote. Akauliza habari za mtoto kama nesi, amekunywa nini, amekojoa lini. Halafu akasema, "Baba watoto, usije kwa kudhani huku ni kusafi."

"Una maana gani?"

"Kuna mzee namhudumia. Nikishamsafisha, anamwita mwenzangu wa kizungu amfute upya pale nilipogusa. Kila siku. Wenzangu wanamfuta, wala hawaniangalii. Juzi alitemea mate sahani niliyomletea, akaniambia niiondoe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja?"

Mikono yake ilikuwa imepokea watoto wa nusu ya mtaa wetu. Nikamuuliza akitoka kazini siku kama hizo anakula na nani.

"Na nani tena? Peke yangu. Nasimama hapo kwenye sinki, nakula, nalala."

Hilo ndilo lililoamua. Choo cha mzee kilitosha kunifanya nihame mtaa, hata kaka pia, lakini si kuvuka bahari. Sikuweza kuvumilia mke wangu aendelee kulala na uchafu ule kichwani bila mtu wa kumwambia. Nikamuuliza watoto watahitaji makoti ya namna gani. Akaanza kueleza, katikati akaomba nimsubiri kidogo.

Binti alipona. Nyumba nilimpangisha mwalimu mwenzangu, na kaka mpaka leo hapokei simu zangu. Tuliondoka shule zilipofungwa. Mama yangu alitusindikiza mpaka uwanja wa ndege, akaniuliza kama huko kuna mihogo, nikamwambia sijui.