Mtandio Juu ya Picha

Kuna siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, siku niliyomkosea mama mgeni na wala sikujua. Nilikuwa Dubai, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, damu ya ujana bado inachemka, nikilinda ukumbi wa maonyesho ya picha. Tulikaa mtaa wa Karama, Wakenya sita chumba kimoja, nami nilijiona mjanja kuliko wote kwa sababu kazi yangu ilikuwa ndani, kwenye kiyoyozi.

Wiki hiyo ukumbi ulikuwa na picha za wenyeji asilia wa Australia, wale waliokuwa na ardhi ile kabla Wazungu hawajafika. Mama mmoja wa kwao alikuja nazo. Alikuwa mweusi kunishinda, basi asubuhi ya kwanza nikamwamkia, "Shikamoo, mama," nikidhani ni mtu wa kwetu. Alicheka sana. Nilipomweleza maana yake kwa Kiingereza changu cha kazini, ikawa kila akiingia anaidai shikamoo yake.

Siku ya tatu nilifungua ukumbi nikakuta mtandio wa kijani umefunika picha moja. Ilikuwa picha ya wanawake walioketi chini mbele ya ofisi ya serikali, na bango la kudai ardhi yao. Nikasema moyoni, kuna mgeni amesahau kitu chake. Nikautoa, nikauandika kwenye daftari la vitu vilivyopotea, nikaufungia kabatini. Tena nilijisifu kwa kazi safi.

Mama alipofika hakungoja shikamoo. Aliitazama ile picha, akaipa mgongo, akakaa sakafuni. Nikamfuata nimuulize kulikoni.

"Huyo wa katikati ni dada yangu," alisema. "Jana jioni nilipigiwa simu kwamba amefariki, nikamfunika wewe umeshatoka. Kwetu uso wa marehemu haukai wazi mpaka familia iseme."

Nikamwambia samahani, nikairudia kama mara tatu hivi.

"Samahani nimeisikia, mwanangu," alinijibu polepole. "Mtandio uko wapi?"

Niliufuata mbio. Tulipokuwa tukiufunga upya, udadisi ukanishinda, nikamuuliza kama dada yake alikipata alichokwenda kukidai pale chini. Akaniambia kwamba siku moja serikali yao iliwaomba radhi, naye mama mwenyewe akalia kwa furaha mbele ya televisheni. Halafu akatoka nje, akakuta uzio kwenye ardhi ya babu yao uko palepale.

"Ile radhi naishukuru mpaka leo," alisema. "Lakini dada yangu amekufa akingoja uzio uondolewe."

Saa nne Sir, msimamizi wangu, akaingia na wageni nyuma yake.

"Yalla, haraka, toa hiyo nguo. Watu wamekuja kuona picha."

"Sir, mwenye picha amefiwa. Nimeufunga mimi."

"Wewe ni nani hapa?"

"Mlinzi, Sir. Ndiyo nailinda."

Alinikazia macho, kisha akawapitisha wageni. Wiki iliyofuata nilihamishiwa maegesho ya magari, na jua la kule ulisikie tu. Niliumia, sikufichi. Lakini mtandio ulibaki pale mpaka maonyesho yakafungwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukikuta kitu cha watu kimefunikwa, uliza kwanza ni nani aliyekifunika na kwa nini. Na ukikosea, kama sote tunavyokosea, omba radhi kwa moyo wako wote, kisha nyanyuka ukarudishe ulichochukua, iwe ardhi, iwe jina la mtu, iwe kipande cha nguo. Usimwache uliyemkosea azeeke akingoja.

Mungu akujalie moyo wa kuuliza na mikono myepesi ya kurudisha. Na siku utakapokosewa wewe, akuletee mtu atakayekuja na samahani mdomoni na mtandio wako mkononi.