Jezi Safi ya Marehemu

Mkaguzi wa jezi kuukuu za besiboli pale mjini Auburn haongei akiwa kazini, huguna. Huigeuza jezi ndani nje, hupapasa mishono kwa kidole gumba, huguna akikuta alama ya jasho kwenye kola, huguna tena akikuta udongo wa uwanjani. Kwa jezi ya marehemu mume wa Waceke hakuguna hata kidogo. Na klabu aliyoichezea mumewe ingeitundika ukutani iwapo tu mkaguzi angethibitisha kwamba ilivaliwa mchezoni.

“Mama, umeifua?”

“Na pasi nikapiga! Ningekuleteaje nguo chafu ya mume wangu? Watu waseme nini?”

“Ah, mama. Uchafu huo ndio nilioutaka.”

Akaikunja polepole, akamrudishia kwa mikono miwili. Waceke aliinusa, akimtafuta mumewe. Ilinukia sabuni tu.